Plagi Mbili za Nyuki

Gerejini, 9 Februari

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata na picha imefika. Nimeipigilia ukutani juu ya meza ya vyuma, pale ambapo kila anayeingia lazima aione. Umesimama mbele ya karakana yenye vioo, ovaroli yako safi, pikipiki zimepangwa nyuma yako kama askari wa gwaride. Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kuvaa ovaroli safi kiasi hicho. Wateja wanauliza, "Mzee, huyu nani?" Nawajibu, "Huyo ni fundi mwenzangu." Mpaka Rangi, jirani yetu, unaujua mdomo wake, akasema labda ni mlinzi wa getini. Nikamwambia arudi kwenye makopo yake ya rangi.

Nakuandikia barua kwa sababu simu sisikii tena. Sikio la kushoto lilikufa zamani, na la kulia liko njiani. Dada yako akiniwekea simu sikioni nasikia kama mtu anakaanga kitu.

Sasa jambo lenyewe. Nyuki anakaribia kufufuka. Unamkumbuka, ile pikipiki ya mbio uliyokuwa ukiipanda imesimama, unaunguruma kwa mdomo mpaka mate yanaruka. Kabureta zote mbili nimezisafisha, tangi nimelitoa kutu, breki zinashika. Kilichobaki ni plagi. Za hapa zimenichosha. Nilinunua duka hili, nikanunua na duka lile, zote feki: maandishi yanafutika kwa kidole, na cheche yake ni nyekundu kama kiberiti kilicholowa. Mashine ya zamani ya namna hii, silinda mbili zenye hasira, haikubali kudanganywa. Huko uliko, katikati ya spea, huwezi kukosa plagi mbili za kweli.

Sikuandikii vipimo. Mashine hiyo umeishika kwa mikono yako, na sasa ndiyo kazi yako. Nikianza kukueleza habari za urefu wa uzi wa plagi na joto lake utaniona mzee anayemfundisha fundi kushika spana.

Mpaka Rangi anasema Nyuki ni kabati, nipangie vyombo. Nataka alisikie kabati likilia.

Baba yako


3 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako imenikuta nikitoka kazini. Nimefurahi kusikia habari za Nyuki. Plagi zinakuja. Nimempa mama mmoja anayesafiri kuja huko, ataziacha kwa dada kwenye cherehani.

Kwangu haikuwa kazi ngumu. Hapa unasema unachotaka, unaletewa. Ni za kweli, maandishi yamezama kabisa, hata ukikwangua kwa kucha hayatoki. Nimechagua zile nzuri zaidi. Wenzangu wa karakana wameziona na wote wamezikubali. Kazi ni nyingi, pikipiki zinaingia na kutoka, sina nafasi ya kuandika kirefu.

Wewe zifunge tu. Hazihitaji kitu kingine.

Ile picha usiwaonyeshe sana watu, Baba. Nilitoka vibaya.

Mwanao,
Fundi


6 Aprili

Mwanangu,

Plagi zimefika. Pikipiki iliwaka. Watu walikuwa wengi, hata Mpaka Rangi alikuwepo. Ahsante.

Usitume kitu kingine kwa sasa. Gereji ina kazi ndogondogo.

Ule vizuri.

Baba yako


29 Aprili

Shikamoo Baba,

Iliwaka! Hilo neno moja limenitosha wiki nzima. Nikiwa nimebeba mzigo nalikumbuka, mgongo unapungua uzito. Lakini mbona umeandika kwa kubana hivyo, kama mtu anayelipia kila neno? Hukuniambia ililiaje. Moshi ulitoka wa rangi gani? Mpaka Rangi alisema nini? Nilitaka nisikie alivyofunga mdomo.

Baba, usisahau kuchanganya oili kwenye petroli, na uichanganye vizuri. Hizi mashine za zamani zinakufa kwa kukosa oili. Sisi hapa tunayaona hayo kila siku.

Sasa natafuta bomba la moshi la kumfaa. Usinikataze.

Mwanao,
Fundi


17 Mei

Mdogo wangu,

Ni mimi ninayekuandikia, wa cherehani, na Baba hajui. Ningekupigia, lakini nakujua, ungesema mtandao mbaya ukakata.

Barua yako ya oili niliipeleka mwenyewe gerejini na nilikuwepo alipoisoma. Alipofika kwenye ule mstari akacheka kile kicheko chake cha kufunga mdomo, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kuosha mnyororo uliokuwa umeshatakata. Sikuweza kuvumilia. Ngoja nikueleze Nyuki alivyolia.

Siku mzigo ulipofika kulikuwa na watu tele, wateja na wasio wateja. Walishatangaziwa. Baba akafungua kile kikaratasi taratibu kama anamfungua mtoto nepi. Akaishika plagi moja. Unamjua Baba, mtu ambaye hafungi hata nati bila kuilinganisha na iliyotoka. Plagi ya zamani ilikuwa pale mezani. Ilikuwa ni kuziweka bega kwa bega tu, basi. Nikauona mkono wake unaifuata. Mpaka Rangi akapaza sauti: "Aa, Mzee! Unapima kazi ya fundi wa karakana ya vioo? Mwanao mwenyewe humwamini?" Watu wakacheka, wakaangalia picha yako ukutani. Mkono ukarudi.

Akazifunga. Akapiga kiki, akapiga tena, Nyuki akawaka. Moshi ulijaa gereji nzima, watu wakapiga makofi, mimi nikatokwa na machozi mbele za watu bila haya. Kwa hiyo alipokuandikia "iliwaka" hakusema uongo. Kisha Mpaka Rangi akasema, "Basi iungurumishe tuisikie." Baba akapiga resi. Tukasikia ko! kama nyundo imepiga sufuria. Halafu kimya.

Alipoichomoa plagi ncha yake ilikuwa imepondwa bapa. Uzi wake ulikuwa mrefu kuliko unaotakiwa, plagi ikazama ndani ya silinda mpaka pistoni ikaigonga. Hiyo pistoni ina tundu. Nimepitisha kidole changu.

Unajua Baba alifanya nini? Alizitia plagi zote mbili mfukoni, za moto vilevile, ili mtu asizione. Akawageukia watu akasema, "Kosa langu. Nilisahau kuchanganya oili." Mzee wa injini, mbele ya gereji iliyojaa, anasema amesahau oili. Mpaka Rangi sasa kila asubuhi akipita anauliza, "Mzee, leo chai umetia sukari au umesahau?" Mteja mmoja alikuja akasukuma pikipiki yake akaondoka nayo, anasema atairudisha baadaye. Hajarudi. Kwenye paja la Baba pana alama ya kuungua, anasema ni pasi.

Halafu wewe unakuja kumkumbusha oili.

Nyuki amefunikwa turubai. Picha yako ipo palepale, tena anaifuta vumbi. Sasa nijibu mimi, na usinizungushe: wewe huko ni fundi wa nini?

Dada yako


8 Juni

Dada,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya kreti. Nilipomaliza sikuinuka, mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Mimi si fundi wa kitu chochote. Nafanya kazi kwenye ghala la baridi. Nabeba maboksi ya samaki walioganda. Mlango wake ni mnene kama godoro, ukipita kuna mapazia ya plastiki yanakupiga usoni, na humo ndani hakuna cha kuongea, kila mtu anatoa boksi kwenye shelfu, anapakia kwenye toroli, anasukuma hadi mlangoni, anarudi. Navaa glavu juu ya glavu, lakini baridi haina adabu, inaingia. Nikitoka nje vidole havijui kama vimeshika kikombe au hewa. Hiyo ndiyo karakana yangu.

Ile picha ni hivi. Karakana ya vioo iko kwenye mtaa ninaopita nikienda kazini. Ovaroli ilikuwa ya ghala, nimepewa siku hiyohiyo, bado ina mikunjo ya dukani. Mwenzangu mmoja tunayemwita Mrefu akaniambia, simama hapo nikupige. Nilizipenda zile pikipiki nyuma, ndiyo maana. Nikaituma. Nyumbani mkaiona mkafahamu mlivyofahamu, na Baba akaandika: fundi mwenzangu. Dada, wewe unajua gerejini alikuwa akiniitaje. "Wewe, leta spana." "Wewe, shika taa vizuri." Na siku nilipoondoka alisema mikono yangu haina masikio. Sasa naitwa fundi mwenzake. Ningemkataliaje? Mwanzo nilinyamaza tu. Baadaye nikaanza kuongeza mwenyewe, kidogo kidogo, wenzangu wa karakana, sijui pikipiki zinaingia na kutoka. Mpaka nikatia sahihi ya "Fundi".

Na plagi nilinunua hivi. Niliingia duka la spea la hiyo karakana ya vioo natoka kazini, buti zimelowa, nanuka samaki. Muuzaji ni binti, ana kucha safi. Akaniuliza kwa adabu kabisa, pikipiki gani, uzi mfupi au mrefu, ya joto au ya baridi. Sikujua hata moja. Nyuma yangu walikuwepo watu wameziba pua, au niliona tu kama wameziba. Nikasema, "Mimi ni fundi, nipe zile nzuri." Akasema, "Sawa, fundi, una ile ya zamani tulinganishe?" Nikamfokea. Nilimwambia sikuja pale kufundishwa kazi. Akaniwekea aina mbili mezani, fupi na ndefu. Nikachukua ndefu, kwa sababu ile fupi ilionekana kama imepunguzwa kitu.

Sasa nakuomba jambo. Mwambie Baba kwamba mimi niliomba za kweli, muuzaji akanibadilishia. Mwambie duka limejaa matapeli. Atanielewa, yeye mwenyewe ameshauziwa feki. Mimi siwezi kumwandikia hayo ya samaki. Kalamu inakataa.

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Simwambii.

Baba anakufichia wewe, wewe unataka nikufichie kwake, na mimi nina nguo za watu za kushona. Gauni la juzi nimelikata kinyume kwa kuwaza habari zenu.

Na huyo binti usimguse. Alikuuliza swali ambalo Baba angekuuliza, kwa adabu ambayo Baba hana, ukamfokea. Leo umtie utapeli? Hapana. Hiyo imenikera kuliko pistoni.

Kubeba samaki siyo wizi. Mimi ningeanza na hilo. Andika mwenyewe, na uandike herufi kubwa, miwani yake imevunjika mkono.

Dada yako


14 Julai

Shikamoo Baba,

Naandika herufi kubwa kama nilivyoagizwa.

Mimi si fundi. Nabeba maboksi ya samaki kwenye ghala la baridi, tangu nilipofika huku. Ile karakana ya kwenye picha niliingia mara moja tu, siku ya kununua plagi, na niliingia kama mteja. Wenzangu wa karakana hawapo. Niliowaandika ni wabeba maboksi kama mimi, na plagi hawakuziona.

Dukani niliulizwa urefu wa uzi. Sikujua. Nikajifanya najua. Niliulizwa kama nina ya zamani ya kulinganisha, nikamgombeza aliyeniuliza. Aliyemwua Nyuki ni mimi, haikuwa oili. Dada ameniambia yote, usimgombeze. Ule mstari wangu wa oili nikiukumbuka nazima taa ya chumba hata kama ni mchana, nisijione.

Uliniita fundi mwenzako, nikashindwa kulikataa hilo jina. Nililitaka kabla sijalifanyia kazi.

Naomba uitoe ile picha. Na Mpaka Rangi mwambie ukweli, kwamba ni mimi. Acheke upande wangu.

Mwanao


10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kisha nikampa dada yako anisomee kwa sauti, nijue kama inasema vilevile. Inasema vilevile.

Nimekaa nayo mfukoni siku hizi zote. Sitasema haikuniuma. Nilijisifu kwa watu kwa kazi usiyoifanya, lakini mdomo uliojisifu ni wangu.

Ila Nyuki hukumwua wewe. Dada yako anafikiri sikupima kwa sababu ya kelele za Mpaka Rangi, na mimi nilimwacha aamini hivyo, maana hiyo ilikuwa aibu ndogo. Aibu kubwa ni hii. Nilipoishika ile plagi nilijua ni ndefu. Mkono ulijua kabla ya macho. Nikainua kichwa nikaiona picha yako, nikajiambia, fundi wa vioo atakosea? Labda huko wamegundua jambo jipya, na mimi mzee wa gereji ya mabati nitaonekana nimepitwa. Niliogopa kuonekana sijui. Nikaifunga, na kila nikiikaza kwa spana mkono unaniambia simama, simama. Sikusimama. Wewe ulijifanya unajua usichokijua. Mimi nilijifanya sijui ninachokijua. Ukitaka kumwonea mtu haya, nionee mimi.

Mpaka Rangi nimemwambia mwenyewe. Nilimwita ndani nikamwonyesha plagi iliyopondeka, nikasema haikuwa oili, niliiona ndefu nikaifunga hivyohivyo. Nilidhani ataangua kicheko. Alisema "Mzee," kisha akatoka, akarudi kwenye makopo yake. Kesho yake hakuuliza habari za sukari. Kazi yako sikumtajia. Hiyo utaisema mwenyewe ukija, au ukiona vyema.

Pistoni nimepata, silinda imeshachongwa. Kwenye kitambaa kilichomo ndani ya bahasha nimefunga plagi ya zamani. Ilitakiwa iwe ndani ya barua yangu ya kwanza. Niliishika, nikaizungusha, nikairudisha mezani. Kuituma ilikuwa kama kukuuliza kama kweli wewe ni fundi, nami sikutaka kulisikia jibu. Kwa hiyo na hilo lijue.

Rudi kwa yule binti. Iweke mezani, useme hujui. Kisha umwombe radhi.

Hizo glavu ni za ngozi au za mpira? Kabla ya kuvaa paka vidole grisi, ile nyeupe. Nyeusi itakuharibia kucha.

Picha sitaitoa mpaka upate nyingine ya kuweka mahali pake. Piga hapo unapofanyia kazi. Simama mlangoni, nione na huo mlango.

Baba yako


22 Septemba

Shikamoo Baba,

Nimekwenda. Nilioga kwanza, lakini harufu ilibaki, nikaingia nayo. Niliiweka plagi mezani nikasema sijui ni ya namna gani, naomba ya kufanana nayo. Maneno yenyewe ni machache, lakini niliyarudia njia nzima. Binti hakucheka. Aliichukua, akaigeuza, akaleta nyingine, akazisimamisha bega kwa bega. Fupi na fupi. Akanipa na mimi nizipapase. Vidole vyangu havikusikia kitu, Baba, nikabaki kuangalia kwa macho kama mtoto. Nikamwambia mimi ndiye yule aliyemfokea. Akasema hakumbuki, wateja ni wengi. Nilitamani akumbuke ili anijibu vizuri na yaishe. Sasa nalikumbuka peke yangu.

Plagi mbili zimo. Ile ya zamani nairudisha, kaa nayo.

Picha pia imo. Aliyepiga ni Mrefu. Aliniambia nicheke, nikamwambia uso umeganda, wenzangu wakacheka badala yangu, ndio hao wanaoonekana ukingoni. Huo mweupe mbele ya mdomo wangu si moshi, ni pumzi. Buti zina viraka. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba usiwaonyeshe watu, nikaufuta huo mstari, ndiyo maana karatasi imechafuka. Iweke unapopenda.

Glavu ni za mpira. Grisi nyeupe nimepaka. Hapa sasa wananitania kwamba nanuka gereji.

Siku utakapozifunga, Mpaka Rangi atakuwepo, na kinywa chake kitakuwa kimeshapona. Pima kwanza, Baba. Hata kama watu wanaangalia.

Mwanao,
mbeba maboksi